Mzee Aliyelamba Mawe

Siku ya kwanza nilipofika kwake nilimkuta sebuleni, ameketi karibu na dirisha, ameshika jiwe la rangi ya waridi kwa mikono miwili, analilamba. Hakushtuka kuniona. Aliniuliza kama naweza kusoma mwandiko mdogo bila miwani, nikasema naweza, akaniambia basi nivue viatu nikaribie. Mtu mwingine angegeuza akarudi zake kituo cha basi. Mimi nilitundika koti, nikaenda jikoni kuangalia kuna sufuria gani. Nimekulia nyumba ambayo mama zangu wadogo, kila mmoja kwa wakati wake, waliwahi kukaa uani na tumbo mbele wakitafuna udongo mchana kutwa, na hakuna aliyewaona wendawazimu. Mzee wa watu akitaka kulamba jiwe lake ndani ya nyumba yake, nikasema moyoni, shauri yake.

Hiyo ni Saint Paul, kule Amerika, miaka ya tisini mwanzoni. Mimi na mume wangu tulikuwa tukikaa ng'ambo ya mto, Cedar-Riverside, kwenye yale maghorofa marefu ya jirani na chuo kikuu. Upepo wa Januari ulituingilia hata dirisha likiwa limefungwa na kubandikwa plastiki. Mume wangu alikuwa akisoma, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa ndani nikitazama theluji. Jirani yetu mmoja, mama wa Kikenya aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, ndiye aliyenitafutia kazi kwa yule mzee wa Kijerumani.

"Hiyo job ni poa," aliniambia tukiwa kwenye lifti. "Una-cook kidogo, una-clean kidogo, unam-remind dawa zake. Huyo mzee hana maneno. Shida yake ni mawe tu."

Nikamuuliza mawe gani, ya figo? Alicheka mpaka lifti ikafika chini.

Mzee alikuwa mtaalamu wa madini. Alizaliwa Ujerumani, akasomea huko, akaja Amerika baada ya vita ya pili, akafundisha chuo kikuu mpaka alipostaafu. Nilipojua kazi yake nilidhani nimeangukia kwa mtu wa dhahabu na almasi, nikaanza kumuuliza habari za tanzanaiti yetu, nikijua hapo nitamkamata. Alipunga mkono kama anafukuza nzi. Alisema vito ni mambo ya masonara na maharusi. Yeye maisha yake yote alishughulika na udongo, huu wa mfinyanzi, mweupe, mwekundu, wa kijivu. Jinsi ulivyoumbika, unavyoshika maji na unavyoyaachia. Nilikata tamaa kidogo, sitaficha. Kutoka Tanzania mpaka Minnesota kuja kutunza bingwa wa matope!

Macho yalikuwa yanamwishia. Katikati palikuwa pameshaziba, akiona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukutazama usoni alitazama sikio lako. Mwanzo nilikuwa nikigeuka kuangalia nani yuko nyuma yangu. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, mtu mzima, aliyekuwa na nyumba huko Lakeville, kusini ya mji, kwenye mitaa mipya ambako nyumba zote zinafanana na miti bado imefungiwa vijiti isianguke. Alifanya kazi kwenye kampuni ya bima, na alikuwa mtu wa kupanga mambo yake. Alimpigia baba yake simu kila jioni na kila Jumamosi alikuja na chakula cha kuweka kwenye friji. Siku aliyonipa ufunguo wa nyumba alinivuta pembeni akaniambia wazi: baba yake akianguka kwenye ngazi, au akili ikianza kumtoka, atamhamishia Lakeville siku hiyo hiyo, na mawe yatatafutiwa pa kwenda.

"Ukiona anafanya jambo lolote la ajabu, nipigie," alisema.

Nikaahidi, na nilikuwa na nia njema kabisa. Ni kwamba sikuona la ajabu.

Mawe yenyewe yalikuwa chumba cha chini ya nyumba, ambacho kule hawakosi kuwa nacho. Ngazi zilikuwa za mbao, kali, na huko chini kuta zote nne zilikuwa makabati ya droo, kutoka sakafuni mpaka darini. Kila jiwe lilitakiwa kuwa na kadi yake, yaani ni jiwe gani na limetoka wapi. Lakini bomba liliwahi kupasuka huko chini mke wake alipokuwa anaumwa, na mzee hakuwa na muda wa mawe wakati huo. Kadi nyingi zikalowa, zikafutika, mawe yakachanganyika. Sasa chuo kikuu kilikuwa tayari kuupokea mkusanyiko wake, ila mawe yenye kadi tu. Jiwe ambalo hujui limetoka wapi, mzee alinieleza, halimfai mtu yeyote. Litamwagwa njiani pamoja na kokoto. Basi alichokuwa anataka kabla macho hayajafunga na kabla hajapelekwa Lakeville ni hicho tu, kulirudishia kila jiwe jina na kwao. Hakuniomba kitu kingine. Hata chakula nilimlazimisha.

Ndiyo maana alilamba. Macho yakikataa, alinifundisha, mtaalamu wa madini bado ana ulimi, meno, kucha na pua. Kuna mawe mawili yanayofanana kama mapacha. Moja likigusa ulimi ni chumvi ya mezani, la pili ni chungu linakunja uso. Udongo safi hung'ang'ania ulimi, ukitaka kuutoa unavuta. Ukiutafuna na meno yakasikia chengachenga, una mchanga. Na wakati mwingine hakulamba, alilipumulia tu jiwe kwa pumzi ya joto kisha akanusa haraka. Ukipumulia udongo mkavu hivyo unatoa harufu ya mvua ya kwanza. Akishalijua ni nini, alikaa kimya na jiwe mkononi, akiligeuza, akitafuta ndani ya kichwa chake mlima gani, machimbo gani, alikuwa na nani siku ile. Kisha alitamka, mimi nikaandika kadi kwa herufi kubwa kubwa.

Nilizipenda asubuhi zile kuliko nilivyojua wakati ule. Theluji ilikuwa imeziba vidirisha vya juu, taa ya njano inawaka, na mzee anazunguka dunia bila kutoka kwenye kiti. Alikuwa mbishi. Nilipomwekea pilipili kidogo kwenye viazi vyake alilalamika siku nzima, na kesho yake akauliza mbona leo viazi vimepooza. Joto la nyumba aliliweka chini sana, nikawa navaa sweta mbili, yeye akisema mawe hayapendi joto. Nilimjibu kwamba mimi si jiwe. Siku moja nilitafuta kwa hasira droo ya nchi yangu, nikakuta nusu droo tu, nikamlalamikia kwamba nchi kubwa vile amenipa nusu. Aliomba nimpe moja mkononi, akalipapasa, akasema Mpwapwa, na akalitamka vizuri, bila kujikwaa. Hakuwahi kufika, alipelekewa na mwenzake. Mimi nilimwita Mzee, na alipouliza maana yake aliipenda. Yeye akawa ananiita Mama, kwa sababu nilimweleza kwamba kwetu mwanamke huitwa hivyo kwa heshima hata kama hajazaa. Sikumwambia kwamba nilikuwa kwenye ndoa mwaka wa nne na neno lile lilikuwa likinichoma. Kutoka kwake, sijui kwa nini, halikuchoma.

Kabla majira ya baridi hayajaisha nikaanza kuumwa. Chai ilinikataa, wali ukanikataa, harufu ya lifti yetu peke yake ilinitapisha. Kliniki wakaniambia ni mimba, na kwamba nikiendelea kupungua vile watanilaza. Furaha na hofu vilikuja pamoja. Nilijua dawa yangu ni nini, kwa sababu usiku na mchana mdomo ulijaa mate nikiuwaza udongo, ule wa pemba, tunaouziwa sokoni umekatwa vipande. Maduka ya Kisomali mtaani kwetu ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Nilipouliza, muuzaji alinionyesha ubani.

Sikumwambia mzee kitu. Lakini asubuhi moja alinipa kipande cheupe, laini, nikipumulie badala yake kwa kuwa yeye alikuwa na mafua. Nilipumulia, harufu ikapanda, na nikasahau kukirudisha. Alisubiri. Kisha akatazama sikio langu akauliza taratibu ni miezi mingapi. Nililia palepale, nikamweleza yote, soko, mama zangu wadogo, mate, kila kitu. Nilitegemea anione mshamba. Alisikiliza akitingisha kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao, kisha akakichukua kipande chake mkononi mwangu.

"Si sasa," alisema. "Udongo mwingine unabeba madini ya risasi, nayo ni sumu isiyo na ladha. Kwanza tuupime."

Aliwapigia wanafunzi wake wa zamani chuoni, ambao wakati huo walikuwa maprofesa wenyewe, akawaamuru kama watoto. Mmoja alikuja kuchukua unga kidogo wa kipande kile na vingine vitatu, vyote kutoka machimbo ya kijiji alikozaliwa mzee, ambako udongo mweupe huchimbwa kwa ajili ya vikombe na sahani. Majibu yalichelewa, mimi nikazidi kukonda, na mzee hakulegea hata nilipomnunia. Yalipokuja aliniambia niyasome mara mbili kwa sauti. Vipande viwili vilikuwa safi. Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla ya kazi, alinikwangulia kidogo kwa kisu chake, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, si zaidi. Sitadai ni dawa, na mke wa mwanangu leo simwambii ale. Nasema tu kwamba nikishakula kile kidogo, uji ulikaa tumboni, na kliniki hawakunilaza.

Jumamosi ambayo theluji ya mwisho ilitangazwa, binti aliwahi kuja ili asikutane nayo barabarani. Hatukusikia gari. Aliteremka ngazi na kutukuta: baba yake, ulimi nje, amebandika jiwe la kijivu, mimi pembeni yake, midomo myeupe, natafuna.

Alisimama kwenye ngazi. Kisha akaniuliza mimi, si baba yake.

"Unamlisha baba yangu udongo?"

"Baba yako ndiye anayenilisha mimi," nikamjibu, na ukweli huo haukusaidia.

Alimgeukia mzee na kumuuliza, kwa sauti ile ya kuongea na watoto, kama anajua kilichoko mdomoni mwake. Mzee alijibu kwamba kilichoko mdomoni mwake ni mwamba wa tope, wa kawaida tu, na kilichoko mdomoni mwangu ni udongo mweupe wa kwao, safi sana, umepimwa. Nikaona uso wa binti unabadilika. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na huzuni, nayo ilinitisha zaidi. Alisema basi, imetosha, mwezi huu anahamia Lakeville. Alisema ni kosa lake kumwacha peke yake mpaka akili imefikia hapo.

Mimi nina ulimi mkali, na mimba ilikuwa imeunoa. Nilimwambia akili ya baba yake iko timamu kuliko yangu na yake. Nilimwambia alichokiona ni kazi, mzee haoni, sasa alitaka alijue jiwe kwa kutumia nini? Nikavuta droo moja baada ya nyingine nikimwonyesha kadi, mwandiko wangu, majina aliyoyatoa baba yake. Kiingereza changu kilinitoroka, nikawa namalizia sentensi kwa Kiswahili. Nadhani alichokiona ni mwanamke mjamzito mwenye midomo myeupe akipiga kelele.

Mzee ndiye aliyetunyamazisha. Alimwomba binti yake akae, naye akakaa kwenye ngazi na koti lake. Mzee akamweleza habari za vita ile ya kwanza ya dunia, yeye akiwa mtoto mdogo, wa mwisho kati ya ndugu wengi, baba yao hayupo na unga haupatikani. Kijiji kizima kilikuwa juu ya udongo mweupe. Mama yake alikuwa akiuchekecha kwa kitambaa, mweupe kama unga, na watoto walidhani ni unga. Mkate mdogo uliokuwepo aliwagawia, yeye akasema ameshakula, na kweli walimwona akila.

"Mama yangu aliula huu ili sisi tule mkate," alisema. "Ndiyo sababu nikausomea. Nilitaka kujua alikuwa anakula nini. Na nilipoweza kuupima, nikakuta hauna kitu. Hauna chakula ndani yake hata kidogo."

Nilitema kilichokuwa mdomoni mwangu kwenye kiganja, bila kujua kwa nini.

Binti aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakuwahi kumwambia. Mzee alisema kwamba binti alipokuwa mtoto, hapo juu jikoni, alikuwa akiacha kingo za mkate kwenye sahani, hazitaki, na mke wake akimgombeza. Mzee alifurahi kila alipoziona zile kingo zimebaki. Hakutaka kuziharibu. Binti alinyoosha mkono, nikampa kipande cheupe. Hakukionja, alikishika tu mpaka kikampaka vidole, kisha akapanda juu na kuondoka bila kutuaga, na theluji ikaanza.

Nilidhani tumeshinda. Jumamosi iliyofuata alikuja na kusema kwamba uamuzi ni uleule. Akili ya baba yake hana wasiwasi nayo tena, ni ngazi. Ngazi zilikuwa kali na mzee haoni, na katika hilo hata mimi nilikubaliana naye, maana mara mbili nilikuwa nimemdaka kwenye kona. Mzee hakubisha. Alisema anajua. Tukafanya kazi siku zilizobaki kwa haraka, mpaka pua zikauma kwa vumbi, na bado makabati ya ukuta mmoja mzima yalibaki hayajaguswa. Siku ya mwisho alinishika mkono akanishukuru kwa lugha yake, maneno mengi, nami sikuelewa hata moja na niliyaelewa yote. Nilirudi nyumbani nikilia kwenye basi, na kwenye mabasi ya kule watu hawaulizi.

Mawe yenye kadi nilijua yatakwenda chuoni. Mengine sikuuliza. Niliogopa kuambiwa yamemwagwa, kwa hiyo nikajifanya nina mambo mengi, na kweli nilikuwa nayo: nilijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kugombana. Miezi ikapita. Mzee alinipigia mara moja kuulizia mtoto, na kuhusu kazi yake hakusema kitu, nami nikaona ndiyo basi tena, imekufa.

Majira ya baridi yaliporudi, mume wangu akiwa amenunua gari kuukuu, tulikwenda Lakeville asubuhi ya Jumapili kumpeleka mtoto akaonwe. Baridi ya siku ile nadhani hata wenyeji waliilaani. Tulipokunja kona tulimwona binti yuko nje mbele ya nyumba, amejifunga skafu mpaka machoni, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Lilikuwa limelala nje. Lilikuwa na mzigo wa theluji juu ya paa na waya wa umeme umechomekwa chini ya boneti injini isigande. Watu wa kule, mwenye gereji nyumbani halazi gari nje majira ya baridi hata usiku mmoja, na nyumba ile ilikuwa na gereji ya magari mawili, mlango wake mpana mweupe umefungwa nyuma yake.

Nilishuka na mtoto ndani ya blanketi nikamwuliza kama mlango umeharibika.

"Hapana," alisema, akipuliza vidole. "Baba yuko kazini humo ndani. Amebakiza makabati mawili."

Akasema mlango wa kuingilia ni ule wa pembeni, tusiufungue sana hita isije ikapoteza joto, kisha akaendelea kukwangua barafu.